Kamba ya Kiatu

Vita viligoma kwisha, basi miji miwili ikakubaliana kila mmoja utoe mtu wake, wapigane kwa panga darajani. Mji wa juu ulimtoa Vuai. Mji wa chini ulimtoa Nyange, mtoto wa dada yake Vuai, ambaye Vuai alimlea mwenyewe tangu utotoni.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mama yako hajambo?”

“Hajambo. Anakusalimu.”

Vuai aliona kamba ya kiatu cha kulia cha mpwa wake imelegea. Akaweka upanga chini, akapiga goti, akaifunga, shingo yake ikiwa wazi mbele ya kijana.

“Ungejikwaa, mwanangu.”

Watu wa pande zote mbili walipiga kelele waanze. Vuai akaifungua kamba ya kushoto, iliyokuwa imekaza vizuri, akaanza kuifunga upya, polepole.