Dawa ya Shemeji

Siku ya kumi baada ya Biubwa kufanyiwa upasuaji wa kutolewa tumbo lote, ule mfuko wa chakula, shemeji yake Ngwali alifika wodini na chupa ya unga wa mizizi. Ni unga uleule aliomnywesha mwaka mzima akiapa kwamba kinachomsumbua ni gesi tu. Saratani nayo ilisambaa tumbo zima, mpaka daktari akasema kukata kipande hakutoshi, litoke lote.

"Huu mpya una nguvu zaidi," alisema Ngwali, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

Biubwa alimtazama kama kitu alichokikanyaga njiani.

"Unga huu unafanya kazi wapi, shemeji?"

"Tumboni, moja kwa moja."

"Sina tumbo. Koo wameliunganisha na utumbo. Hata hukuuliza walichonifanyia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka waziwazi.

Biubwa alivuta bakuli la uji, mlo wake wa nne tangu alfajiri, maana bila tumbo hula kidogo kidogo, akachota robo kijiko. Akauzungusha mdomoni taratibu, macho kwa shemeji yake, bila haraka yoyote ya kumeza.