Ukuta wa Baba

Baba alikuwa ndani ya ukuta. Kichwa tu ndicho kilichobaki nje, kimejaa vumbi la jasi, na sauti ilimtoka kama ya mtu aliyefunikwa na godoro.

"Lete pamba nyingine, mwanangu. Hapa pana tundu la kupita mbu."

"Mbu hapigi kelele kiasi hicho, Baba."

"Wewe lete tu."

Binti yake akampitishia bunda la pamba ya mawe, ile ya kumeza sauti. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu waanze kugeuza ghala la nyuma ya nyumba kuwa studio ya kumalizia filamu. Chumba cha kuhariri picha hakikuwasumbua. Kilichowatoa jasho ni kile cha kuchanganyia sauti: chumba ndani ya chumba, kuta mbili zisizogusana, sakafu iliyokalia raba, milango miwili ya kusukuma kwa bega. Baba, seremala mstaafu, aliisoma michoro jioni mbili, kisha akaikunja. "Kumbe ni kabati tu," alisema. "Ila la kufungia sauti."

Tatizo lilikuwa jirani. Ng'ambo ya uzio fundi vyuma alisaga mageti kutwa, na mashine yake ilikuwa na mlio wa kung'oa meno. Mtayarishaji wa filamu alipokuja mara ya kwanza, kabla kuta hazijafunikwa, alisikiliza dakika moja tu.

"Kwenye filamu yangu mjane analia kimyakimya," alisema. "Hapa atalia na mageti. Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo na kipimo cha sauti. Nikiridhika, kazi ni yenu, hii na nyingine tano."

Binti alikuwa ameacha ajira kwa ajili ya studio ile. Siku ya Jumatano alipitisha kiganja ukutani, akakuta ubao mmoja umepinda kidogo. Akakumbuka kabati la nyumbani, kazi ya mikono ya Baba, ambalo mpaka leo halifungi bila teke. Akazunguka uzio.

"Kaka, nina ombi. Kesho ukiona gari la mgeni limeingia kwetu, zima mashine. Nusu saa tu."

Fundi vyuma alijikuna kisogo. "Mzee anajua?"

"Mzee asijue kabisa. Ataumia."

"Dada, umeniweka pabaya," alisema, kisha akacheka peke yake. "Haya, nenda. Nitaona."

Alhamisi gari liliingia na mashine ilikuwa kimya. Binti alishusha pumzi. Wakaingia watatu. Baba akafunga mlango wa kwanza, akafunga wa pili, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mtayarishaji akaweka kipimo mezani, akakunja mikono. Binti alisikia mate yake mwenyewe yakishuka kooni. Dakika ishirini zikapita, na namba kwenye kipimo hazikupanda hata kidogo.

"Na jirani yenu?" mtayarishaji aliuliza hatimaye. "Leo yuko kazini?"

Binti alifungua kinywa, lakini Baba akamuwahi.

"Yupo. Ameanza tulipofunga mlango."

Masikini Baba, binti aliwaza. Aibu ikampanda mpaka masikioni, ila hakumkosoa. Mtayarishaji alitabasamu, akachomoa kalamu na kusaini mkataba palepale mezani.

Walipomsindikiza nje, mtayarishaji tayari ana simu sikioni, uani palikuwa kimya. Baba alisimama ghafla. Akatazama upande wa uzio, uso ukamkunjamana. Binti akajifanya anatafuta funguo.

Gari lilipoondoka, binti alikwenda kwa fundi vyuma akiwa na shukrani mdomoni. Alimkuta amekaa chini, anahema, shati limelowa, vumbi la chuma limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Asante, kaka. Umeniokoa. Lakini sina raha hata kidogo, nimemdharau baba yangu."

"Usinishukuru. Kaniombee radhi kwa mzee." Fundi alinyanyua jiwe la kusagia lililolika hadi karibu na tundu. "Limeniishia mwishoni kabisa, ndiyo maana mmetoka mkakuta nimenyamaza. Yeye alitaka mlango ukifungwa tu nianze kusaga kwa nguvu zangu zote, nisipumzike mpaka mgeni aondoke. Wewe uliniomba jana, dada. Mzee alikuwahi Jumatatu."