Mgombea wa Chama cha Ngazi

"Una maradhi yoyote, mzee wangu?"

Fundi viatu aliinua macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiipigilia misumari. Aliyeuliza alikuwa Katibu wa chama tawala, mtu aliyepita mbele ya kibanda cha fundi huyo miaka kumi bila kusema hata hujambo. Leo alikuwa amekalia kigoda cha wateja, magoti nusura yaguse kidevu, suti yake ikiokota vumbi la ngozi.

"Presha kidogo tu. Nakunywa dawa."

"Vizuri," alisema Katibu. Kisha akajirekebisha. "Vizuri kwamba unakunywa dawa."

Mke wa fundi, aliyekuwa pembeni akishona kiatu cha mwanafunzi, hakulipenda swali wala mwulizaji. Alidhani amekuja kumwambia mumewe ajitoe kwenye uchaguzi. Lakini wa kujitoa alikuwa nani hasa? Wanachama wote wa Chama cha Ngazi, chama cha mumewe, wangetosha kwenye benchi mbili. Uchaguzi wa kwanza walipata kura arobaini na moja, wa pili ishirini na tisa, uliopita kumi na saba. Mtaani walimwita Bwana Ngazi na kumwuliza kama ngazi yake inajua kupanda au imezoea kushuka tu.

"Kama mnataka ajitoe, semeni waziwazi," alisema mke.

"Ajitoe? Mungu apishie mbali, mama! Jina lake libaki palepale kwenye karatasi ya kura. Sisi tunamtaka awe mgombea mpaka mwisho."

Akaeleza bila kuzunguka. Mbunge wao alikuwa na hali mbaya kwenye kampeni. Daktari, mgombea wa upinzani, alikuwa ameshawapokonya mji mzima, na zilibaki siku tatu watu wapige kura.

"Tungepata mwezi mmoja tu zaidi, tungemgeuza. Muda ndio hatuna."

Kwa hiyo wangempa fundi gari, dereva na spika kubwa, azunguke vijiji vya mbali vinavyompenda Daktari, akamdokoe kura moja moja. Kesho asubuhi. Katibu aliandika majina matatu ya fundi kama yalivyo kwenye kitambulisho, akasoma herufi kwa herufi kuhakikisha, akaondoka akipangusa suruali.

Jioni ile fundi alisukuma sahani kabla ya kumaliza.

"Mwewe hamwaliki kifaranga matembezini," alisema. "Nitawaambia hapana."

Mkewe alimtazama. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amemsikia akifanyia mazoezi hotuba zake pale kibandani, akivihutubia viatu vilivyopangwa safu kuhusu maji ya shule, dawa za zahanati, barabara ya soko. Alikuwa na maneno mazuri kuliko Mbunge na Daktari wakiwekwa pamoja. Aliyeyasikia ni yeye peke yake, na viatu visivyo na miguu.

"Nenda, mume wangu. Wakikutumia, nawe watumie. Angalau mara moja watu wakusikie."

"Na wasiponisikiliza?"

"Basi utakuwa umepanda gari."

Walicheka mpaka fundi akapaliwa. Mke akalitoa koti lake la pekee, akalinyoosha kwa pasi mara mbili, akamshonea kifungo kilichokuwa kikining'inia. Asubuhi gari lilipokuja, fundi alisitasita mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mkewe ndiye aliyemsukuma mgongoni kwa kiganja. "Twende, mheshimiwa. Wapiga kura wanakungoja."

Saa nne mke alikuwa kibandani akibandua kisigino cha mteja, simu ikaita.

"Mke wangu, ungeniona!" Sauti ya fundi ilikuwa ya mtu aliyepungua miaka ishirini. "Wamenikalisha mbele. Dereva ananiita mheshimiwa kweli, si utani."

"Umeshahutubia?"

"Bado. Tangu tuvuke daraja hatujaona mtu, ni msitu mtupu. Sasa gari limesimama, Katibu anasema nishuke ninyooshe miguu."

"Nyoosha, mheshimiwa. Usije ukapanda jukwaani unachechemea."

"Usikate, nashuka mara moja tu. Nina jambo nataka kukwambia." Akashusha sauti. "Ulifanya vyema kunisukuma."

Mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa. Mke alibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea na kisigino, huku akitabasamu peke yake. Alisikia hatua juu ya majani makavu na, kwa mazoea ya kazi, akazihesabu. Jozi tatu. Mumewe mbele, wawili nyuma.

Kwenye kibanda cha jirani, kinyozi aliongeza sauti ya redio, kisha mkono wake ukabaki hewani na mkasi.

"...Tume ya Uchaguzi inawatangazia wapiga kura wa jimbo hili kwamba, kama sheria inavyotaka pale mgombea yeyote anapofariki, uchaguzi umeahirishwa kwa siku thelathini. Tume inatoa rambirambi kwa mjane wa mgombea wa Chama cha Ngazi, aliyefariki ghafla nyumbani kwake jana jioni."