Damu ya Sorcha

"Chembe hizi zina wazimu!" nilifoka.

Chembe nyeupe za damu ya mtu mwenye afya hutulia mpaka tuzichokoze. Hizi zilikuwa zinawaka zenyewe, mitokondria zake, yaani vinu vyake vya nishati, zikifuka kama jiko bovu. Nilishalaumu dawa, mashine, hata friji.

"Basi nitoe damu nyingine," alisema Sorcha, mwenzangu maabarani, ambaye damu yake ndiyo kipimo chetu cha uzima, tunayolinganishia ya wagonjwa wa baridi yabisi. "Na uache kununa, bwana. Chai inapoa."

Alikunja mkono wa sweta. Nilipokuwa nikimfunga mpira mkononi, niliona pete yake ya ndoa inaning'inia shingoni.

"Mbona huivai?"

"Haiingii. Asubuhi vidole vinavimba, vinakakamaa. Si baridi hii ya Dublin?"

Nikaiweka sindano chini. Wagonjwa wetu wote huanza kwa maneno hayo hayo.