Uji wa Mzee Elifuraha

Atupele alipopata fedha za kuchunguza mnyauko wa migomba, alijitwisha mkungu wa ndizi kwenda kumshukuru Profesa Nderakindo. Siku hizi mkufunzi hamfundishi mtafiti chipukizi kwa maneno matupu. Humhamishia kumbukumbu za maombi yake yote ya fedha za utafiti yaliyokataliwa, na mwanafunzi huamka na uchungu na uzoefu wa miaka thelathini. Zikihama, zimehama; aliyezitoa habaki nazo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Umepata?"

"Nimepata! Kila nilipotaka kujisifu kwenye andiko, nilikumbuka ulivyokataliwa mara ya sita, nikafuta. Mungu akubariki, Mama."

Profesa alicheka mpaka machozi. Alikuwa amenawiri kama mtu aliyetua mzigo. Akaingia jikoni kubandika chai, Atupele nyuma yake.

Barua zote zile za kukataliwa zilisomwa katika jiko hili. Kila mara Mzee Elifuraha, marehemu mume wa profesa, alikoroga uji wa tangawizi, akamwekea mkewe mbele yake na kusema, "Kunywa kwanza." Atupele hakuwahi kuonana naye, lakini aliijua sauti yake, na hata joto la kile kikombe.

"Mzee naye namshukuru," alisema. "Bila ule uji wake, nadhani ungeacha utafiti."

Profesa aligeuka, bado anatabasamu.

"Uji? Mume wangu? Alikuwa mtu mwema, mwanangu, lakini miaka yote ile hakuwahi hata kuniwashia jiko."