Marehemu wa Majaribio

Elinaja alimuua mumewe kwa mara ya thelathini na moja, na laptop ikagoma tena.

"Muda umekwisha," ikaandika.

"Umekwisha wapi, shetani we!" Akapiga meza, chai ikamwagika.

Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na programu ya chama chao cha kuzikana, Watanzania wa Ilford, huku ughaibuni. Ukiipa jina la marehemu, inaamka huko mtandaoni, inawatumia wanachama wote taarifa, kisha inalala. Kabla ya kuipeleka huko, alikuwa anaijaribu hapa nyumbani. Ameiandika kwa Rust, lugha yenye roho mbaya: ukikosea nukta moja, haikubali hata kuiunda programu. Hayo ameyamaliza. Sasa inaundwa, inaanza vizuri, inasubiri jibu, inakata. Inatia uchungu!

Mwezi uliopita Sesilia alifiwa na mama yake. Taarifa ikachelewa, akalia peke yake siku mbili. Elinaja akasimama kikaoni akaapa kwamba haitatokea tena. Mwenyekiti, Mama Placida, akamtazama juu ya miwani.

"Jumamosi saa kumi utuonyeshe, mwanangu. La sivyo tunarudi kwenye kupigiana simu."

Leo ndiyo Jumamosi, na saa nane imeshapita. Simu mbili za nyumba hiyo zilikuwa zimezimwa: yake asisumbuliwe, ya mumewe Laurean apate usingizi baada ya shifti ya usiku ghalani Hayes.

Laurean aliamka, akachungulia skrini. "We mwanamke! Mbona mimi ndiye marehemu?"

"Inakataa jina lisilo la mwanachama. Ulitaka nimuue mwenyekiti?"

"Unanichuria, ujue."

"Majaribio tu, baba. Hayatoki humu kwenye laptop."

Laurean akaguna, akaenda kuoga.

Elinaja akabadilisha mstari mmoja, akamuua tena. Muda umekwisha. Machozi ya hasira yakamlengalenga. Atawaambia nini watu wazima wale?

Kengele ya mlango ikalia. Alipofungua, Mama Placida alikuwa amekumbatia sufuria ya wali. Nyuma yake Sesilia, na nyuma ya Sesilia watu ngazi nzima, khanga viunoni.

"Pole, mwanangu! Taarifa zimetufikia tangu asubuhi, moja baada ya nyingine. Tunakupigia, hupatikani!"

Kilio kikaangushwa. Laurean akatoka bafuni mbio, taulo kiunoni, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nani tena?"