Taa ya Kimulimuli

Sogeeni, wajukuu zangu. Zamani popo walikuwa na vita na kanga, wanagombea mkuyu. Kila usiku popo walikuja angani na mawe miguuni, na wakiona mwanga, hapo hapo wanayaachia. Basi kijiji kizima cha kanga kikazima moto. Kimulimuli tu, jirani yao, mkia wake ukawa hauzimiki.

"Toka hapa!" Mama Kanga akamfokea. "Nina mayai kumi, kesho yanaanguliwa. Utaniulia wanangu na hicho kitaa chako!"

"Usinifukuze, mama, naondoka mwenyewe. Si mwanga wanautaka? Watapewa."

Akawaita ndugu zake wote, wakatua kinamasini, wakawaka kama kijiji kinachopika.

Popo wakafika. "Wajinga hawa, leo wamesahau kuzima!" Wakamwaga mawe yote. Vimulimuli wakaruka pembeni, tope likayameza.

Alfajiri vifaranga kumi wakalia pi-pi-pi. Mama Kanga akashusha pumzi, akakimbilia kinamasini.

"Kimulimuli, baba, rudi nyumbani tule."

"Na usiku je, mama?"

"Usiku, mwanangu, kalale huku huku!"

Wakacheka mpaka machozi. Haya, na ninyi kalaleni.